Bi Harusi wa Waya

Wifi yangu ni msusi, na mikono ile haina mpinzani. Zamani alisuka nywele; sasa anasuka koili, ule waya unaopata moto ndani ya sigara ya umeme. Waya mmoja uliozungushwa chapuchapu anauita twende kilioni. Nyaya mbili zilizosokotwa ni mapacha. Waya uliovishwa mwingine mwembamba kama unywele, hata ukucha haupati pa kupita, huyo ndiye bi harusi.

Jana mteja alimwinua bi harusi kwenye mwanga. "Safi mno! Ya kiwandani hii, siyo?"

Alidhani anasifu. Wifi akampokonya.

"Kiwandani! Kwani wewe ulizaliwa kiwandani?"

"Samahani, dada. Niuzie basi."

"Thubutu! Nimwoze binti yangu kwa mtu asiyemtambua mama mkwe aliyekaa mbele yake?"