Nyuzi Alizofumua Verna

Verna Tibbetts hakuwahi kuwa mwanachama wa klabu yetu ya pikipiki, lakini hapakuwa na mtu mji mzima wa Salina aliyezijua sheria zake kama yeye. Wanawake hatuwaandikishi, ndivyo tulivyoikuta klabu. Hata hivyo, kila nembo iliyokaa migongoni mwetu sisi Mbweha wa Ngano, kama klabu inavyoitwa, ilishonwa jikoni kwake, kati ya kopo la sukari na redio, akishatoka zamu kwenye ghala la nafaka. Mimi ndiye mwenyekiti. Wananiita Kasisi kwa sababu ya matusi yangu, na bado nyumbani kwa Verna nilikuwa nikifuta viatu kabla ya kuingia.

Verna hakutaka kusikia habari za gundi. Nembo ya gundi, alisema, ni ya sherehe za watoto. Na ukimpelekea beji ya safari ambayo hukuiendesha, utarudi nayo mkononi. Siku moja Lonnie, mmoja wa vijana wetu, alimpelekea beji ya mkutano wa Dakota.

"Ulifika?" Verna akamuuliza.

"Nilifika, shemeji."

"Kwa pikipiki?"

Lonnie akakohoa. "Niliipakia kwenye pikapu ya mjomba. Mvua ilikuwa kali, acha tu."

"Basi hiyo beji ni ya pikapu. Nenda kaibandike mlangoni."

Tulicheka mwezi mzima.

Wake wa wanachama huvaa mgongoni maneno "mali ya fulani". Mume wa Verna, Orrin, mwenzetu wa klabu na fundi wa injini aliyekuwa mpole mpaka anaudhi, alimletea nembo ya namna hiyo siku moja akitabasamu. Verna akaitumia kuepulia sufuria jikoni. Orrin alikihadithia kisa hicho kila mahali, tena kwa majivuno. Basi Verna aliendesha pikipiki yake mwenyewe, mgongo mtupu, mkiani mwa msafara, maana asiye na nembo hukaa mwisho. Alikula vumbi letu miaka yote hiyo na sikumsikia hata mara moja akilalamika.

Orrin alifariki majira ya kuchipua, moyo ulimsimama akiwa karakanani. Msiba ule ulinichoma mara mbili, kwa sababu sheria iko wazi: kizibao cha ngozi ni cha mtu, nembo iliyoshonwa juu yake ni ya klabu. Mtu akijitoa au akifa, nembo inarudi, na wa kwenda kuidai ni mwenyekiti. Nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba yake, kizibao changu nimekivua na kukikunja kwa sababu nembo hatuivai garini, nikajilaani kwa kila tusi ninalolijua. Halafu nikaingia.

"Kaa, Kasisi," Verna akasema. "Acha kunitolea macho kama ng'ombe."

"Shemeji, mimi nimekuja kukupa pole tu..."

"Usinidanganye, hujui kudanganya. Umekuja kuchukua hiyo."

Nembo ya Orrin ilikuwa mezani, juu ya taulo safi, katikati ya mabakuli ya viazi waliyoleta akina mama wa kanisani. Vipande vyote vitatu: jina la klabu la juu, mbweha wa katikati, jina la mji la chini. Alikuwa amevifumua na kuvipiga pasi.

"Sikutaka mkono mwingine upite hapo," akasema. "Sasa na mimi nina ombi. Kesho namsindikiza mume wangu nikiwa nimevaa kizibao chake."

"Ni chako," nikamwambia, nikalia mbele yake bila aibu.

Kesho yake, alipokivaa kwenye uwanja wa kanisa, tulimgeukia wote. Jua la Kansas lilikuwa limeipausha ngozi ile ikawa rangi ya udongo, isipokuwa pale nembo ilipokuwa. Pale palibaki peusi kama siku ilipotoka dukani. Mviringo wa juu, masikio ya mbweha, mviringo wa chini, vyote vilionekana.

Gus Lindquist aliviona pia. Huyu ni mkuu wa klabu kubwa ya kusini, na bila ruhusa yake sisi wadogo hatuvai nembo ya vipande vitatu.

"Kasisi, yule mama amevaa nembo yenu."

"Nembo iko kwangu."

"Mimi si kipofu. Inasomeka kutoka barabarani. Avue, au leo leo mnavua wote."

Nilifumbua kinywa nimpe yale yaliyonipa jina. Verna akaniwahi. Alikuja, helmeti kwapani, akampa Gus mgongo.

"Gusa," akasema.

Kizibao cha mtu hakiguswi. Gus akasita.

"Nimekuruhusu, gusa. Tafuta uzi wangu mmoja tu. Ukiupata, nakivua hapa hapa na kumzika mume wangu nakwenda kwa miguu."

Gus akapitisha kidole taratibu, tundu kwa tundu, kuzunguka mbweha mzima. Hakupata kitu.

"Uzi wa klabu nimeurudisha wote," Verna akasema. "Hicho kilichobaki jua lilikichora mgongoni mwa Orrin, njiani, akiwa nanyi. Hicho siwezi kukufumulia."

Verna akavaa helmeti, akasukuma pikipiki yake mpaka mwisho wa msafara, mahali pake. Tukamwona Gus akiwaashiria watu wake, mmoja mmoja wakageuza, wakajipanga nyuma ya Verna. Nilitangulia mbele nikiwaangalia kwenye kioo njia nzima: klabu kubwa ya kusini ikila vumbi la mama mwenye mgongo usio na nembo. Sijawahi kujivunia msafara kama ule.

Baada ya mazishi tulijazana jikoni kwake. Gus alikuwa akila viazi amesimama, Verna akampita nyuma na birika la kahawa, akasimama ghafla.

"Kona ya nembo yako imeachia. Hii ni nini? Gundi?"

Gus akatazama sahani yake.

"Gundi, mama."

"Vua."

Na Gus Lindquist, mbele ya watu wake wote, akavua kizibao chake, akampa kwa mikono miwili, akabaki na fulana akimsubiri atie uzi kwenye sindano.