Kamba ya Areti

Katika kijiji kimoja cha milimani, jimbo la Epiro, msichana akishakuwa wa kutumwa kuni, bibi yake humsokotea kamba ya manyoya ya mbuzi ya kufungia kuni mgongoni. Tangu siku hiyo mgongo wake si wake tena. Mwanamume hapandi mlima na mzigo mgongoni hata nyumba ikiungua. Yeye hupanda nyumbu, na mkewe humfuata nyuma amebeba kuni.

Lambrini, mjane wa vita, alipinda mgongo kabla hajaota mvi. Sasa bintiye Areti alikuwa anarefuka, na mama mkwe akaisokota kamba, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kila Lambrini alipoiona, moyo ulimchemka. Aliapa kwamba huyu mtoto hatafungwa kamba hiyo.

Ndipo likaja shirika la misaada la Wamarekani, lile la Mpango wa Marshall wa kuinua nchi zilizoharibiwa na vita. Lilileta unga, kisha mbegu, halafu malori ya nyumbu wa mizigo, majitu ya kutoka ng'ambo, kwa kuwa wa kijijini vita viliwamaliza. Majina ya nyumba yakatiwa kwenye kofia uwanjani pa kanisa ili ipigwe kura. Jina la Lambrini halikuwamo. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia asihangaike, yeye yumo chini ya Zisis, shemeji yake.

Lambrini akavua kamba yake, akaibwaga mezani mbele ya ofisa wa shirika.

"Mwambie," akamwagiza mkalimani, "nyumbu wa nyumba yangu ni mimi. Kama mwenye nyumba ni Zisis, basi ajifunge hii, tumwone."

Watu walicheka, Zisis akaiva uso. Ofisa akaagiza jina liongezwe. Lilitoka karibu na mwisho, watu wameshaanza kuondoka, na Lambrini akaenda zake na nyumbu jike wa kijivu.

Hawakumsamehe. Mhunzi alikataa kumpigilia mnyama viatu vya chuma kwatoni bila neno la mwanamume, kwa hiyo Lambrini akawa anavuka bonde hadi kwa mhunzi wa kijiji cha pili. Mkahawani walimwita Bwana Lambrini, naye aliitika.

Kisha kazi ya shirika ikaisha, likafunga ofisi zake na Wamarekani wakaenda kwao. Haukupita muda, Zisis akatokea na hatamu mkononi, na wenzake wawili wa mkahawani nyuma yake.

"Shemeji, wenyewe wameondoka," akasema. "Umeshacheza vya kutosha. Mnyama arudi kwa wanaume."

Lambrini aliogopa. Areti alisimama mlangoni akimtazama. Basi Lambrini akainua mkono, akaitoa kamba mpya msumarini na kumtupia Zisis begani.

"Mchukue," akasema. "Lakini hapa kuni zinahitajika kila siku, na mtoto wangu hazibebi. Utazileta wewe, mgongoni, na utapita mbele ya mkahawa mchana kweupe."

"Itakukaa, Zisis," mwenzake mmoja akasema. Mwingine akageuka upande kuficha kicheko.

Zisis aliivuta ile kamba begani na kuitupa chini kama mtu aliyeangukiwa na nyoka. Akaondoka na hatamu yake tupu.

Kesho yake Lambrini alipita mbele ya mkahawa juu ya nyumbu, miguu huku na huku kama mwanamume, kuni zimening'inia pande zote mbili. Areti alitangulia mikono mitupu, akiimba. Kuni zilikuwa zimefungwa kwa kamba aliyosokotewa na bibi yake.