Tone la Shira Kabla ya Magharibi

Daktari hakutaka nifunge Ramadhani iliyopita, kwa ajili ya kisukari changu. Mume wangu ndiye aliyekaa naye akamsihi, akamwahidi kwamba nyumbani kwetu Mabawa futari haitatiwa sukari. Daktari akakubali shingo upande. Nami ukali sikuanza jana, nikarudi nikaipiga sukari marufuku. Uji wa pilipili manga bila sukari, tambi bila sukari. Mwanangu alipokunja uso nilimwambia aende akafuturu msikitini.

Siku za mwanzo uji ule ulikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mume wangu alimaliza bakuli lake, akakwangua na kijiko, eti mtamu. Mwongo yule! Lakini kadiri siku zilivyokwenda ulimi wangu ulitulia, nikaanza kuusikia utamu wa nazi kwenye magimbi, ambao sukari ilikuwa imenifichia miaka yote. Nikajiona nimeshinda. Nikaanza kuwaringia majirani.

Kisha jirani mmoja akatuletea sahani ya sambusa. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mimi mtaa mzima unanijua kwa kaimati. Mke wa mwanangu aliniomba azipike yeye, nisikaribie sukari. Nikamjibu kwamba kaimati zake zinaweza kuvunja dirisha.

Baada ya alasiri nikasimama mbele ya sufuria ya shira, sukari ya kuchemsha ya kuvika kaimati. Nilichukua tone, nikalibana kwa vidole, likavuta uzi. Basi, imeiva, hakuna zaidi cha kupima. Mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, na hicho ndicho kisingizio nilichojipa nilipopeleka kidole mdomoni. Sikutema. Nilimeza, nikachovya tena, nikameza tena, huku najua ninachofanya. Sikuwa na njaa, wala kiu haikunizidi. Ulikuwa ulimi tu, ule ule niliodhani umeshatulia.

Nilipogeuka, mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kutilia kaimati.

"Imekolea, mama?" akauliza, macho chini.

"Imekolea."

Akauchukua mwiko mkononi mwangu taratibu, akamalizia yeye. Mimi ninayemkaripia kutwa nikamwachia jiko. Nilikwenda kukaa chumbani na aibu yangu, nikatamani anitukane, maana tusi ningelijibu.

Magharibi ilipokaribia tulikaa mkekani. Mume wangu akaipasua tende moja, nusu yake, nusu yangu. Ndivyo alivyofanya tangu mwezi uandame, mtu asiye na maradhi yoyote, ili nisijione nimetengwa. Mkwe wangu alikuwa akimimina uji na hakuninyanyulia macho. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, nikamtazama mume wangu alivyokaa na furaha yake, nikaufunga.

Adhana ikasikika. Akainua mikono, na siku hiyo akaomba kwa sauti. Alimwomba Mola ampokelee mkewe saumu yake, kwa kuwa amejitahidi kuliko sisi sote.

Wote wakaitikia amina, mkwe wangu naye. Nami nikaitikia, kwa sauti kuliko wote.