Diski ya Marehemu na Kitambaa cha Shangazi

Mwaka 2003 Elisaria alikuwa na miaka ishirini na sita, nusu ya digrii, na shangazi. Katika hivyo vitatu, kilichokamilika ni shangazi.

Shangazi Anneth, Mchaga wa Machame mwenye ofisi ya safari Karatu, alimpa chumba, ugali, na kompyuta iliyoganda kila ilipofungua barua pepe za watalii. Kampuni moja ya Arusha ilimwita Elisaria kazini, ila ilitaka barua ya mwajiri wake, yaani shangazi. Shangazi akaapa, "Mashine ikimaliza wiki bila kuganda, naiandika siku hiyohiyo. Mungu ananiona."

Mungu alimwona. Akanyamaza.

Stoo kulikuwa na kompyuta iliyokufa tangu mvua za El Nino. Elisaria akaing'oa diski, akaipachika kwenye ile hai. Ugonjwa aliujua: memori ikijaa, mashine huazima nafasi kwenye diski, na diski hiyohiyo inatakiwa kusoma barua, ni kama mpishi mmoja apike na kugawa sahani harusini. Kuazima kote akakuhamishia kwenye diski ya yule marehemu wa stoo. Picha za kreta zikafunguka kama zimefukuzwa na nyati.

Siku ya tatu ikaganda. Akaanza kuhesabu siku upya. Ikaganda tena.

"Si nilikuambia haiponi?" shangazi akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema.

Mchana mmoja Elisaria akarudi mapema kutoka kula, akakuta mashine imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, pacha wa kile ambacho shangazi hufunikia redio yake. Ndani, diski mbili zinaiva kama makande.

"Shangazi, itahema wapi?"

"Na vumbi hili jekundu? Sasa ina mbio, lazima nayo ivae!"

Elisaria akakivua. Siku saba zikapita, mashine haikukohoa. Ya nane akasimama mbele ya meza, begi mkononi.

"Barua yangu, shangazi."

"Mashine yenye mbio hivi nimwachie nani, mwanangu? Mimi ninayechapa kwa kidole kimoja? Nimeshampigia baba yako. Amefurahi mno kwamba umetulia."

Akatoa kitambaa kipya, maua yaleyale, akakitandika kwenye kiti cha Elisaria. "Kaa."

Kitambaa cha ukubwa ule humchukua shangazi wiki tatu kukifuma. Elisaria akahesabu kurudi nyuma: shangazi alikianza siku ileile aliyoapa.

Akaweka begi chini. Akakaa.