Fundi Anayetaka Kung'oa Sakafu Yake Mwenyewe

Saa mbili asubuhi, ukumbi mpya bado mtupu. Fundi anatembea pekupeku juu ya mbao zinazong'aa, na kila baada ya hatua mbili anapiga kisigino chini na kutega sikio. Wenzake wamempachika jina la Kisigino, na hajawahi kununa.

Karibu na mlango wa nyuma anasimama, anapiga tena, kisha anachuchumaa.

"Hapa pamekufa," anasema.

Kwa macho ya mgeni hapana kasoro. Lakini sakafu hii ni ya dansi na mpira wa wavu, na chini ya mbao zake kuna vipande vya mpira vilivyolala juu ya zege. Mtu akiruka na kutua, mpira unabonyea na kumeza kishindo. Usipobonyea, kishindo kinamrudia miguuni.

Kisigino anang'oa mbao sita. Chini yake skrubu moja ndefu imepitiliza mpaka kwenye zege na kuubana mpira.

"Mzee, si ni moja tu?" anauliza mtu aliyemsaidia kazi kwa miaka tisa sasa, mwanamume mwenye mvi kumzidi.

"Wewe umepiga moja. Mimi nilipiga mia nne."

Ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, katika ukumbi wa shule. Yeye alikuwa seremala wa milango na makabati, na kwa seremala wa makabati kitu kinachocheza ni aibu. Alipomaliza sakafu ile, kazi yake ya kwanza ya namna hiyo, aliikanyaga ikabonyea.

"Nikasema, jamani, watu watanicheka. Sakafu inanesa kama godoro!"

Basi akachukua skrubu ndefu akazikaza zote hadi kwenye zege. Sakafu ikatulia tuli. Mkuu wa shule akampa mkono, na yeye akarudi nyumbani kifua mbele.

Binti yake, kifungua mimba, alikuwa na miaka kumi na mitatu na alicheza dansi katika ukumbi huohuo. Miezi saba baadaye akaanza kulalamika miguu. Mama yake akamkanda kwa maji ya moto. Baba akamwambia aache kudeka.

Daktari alikuta nyufa mbili nyembamba kwenye mfupa wa ugoko, akamuuliza mtoto huwa anarukia wapi.

"Alijibu kwa maringo kabisa," anasema Kisigino. "'Kwenye sakafu aliyoitengeneza baba.'" Anaichomoa skrubu ile. "Jibu lile linaniuma mpaka leo."

Mguu ulipona, lakini dansi ikaishia hapo. Leo binti huyo anashona mavazi ya wachezaji, na asubuhi hii yumo ukumbini akipima madirisha kwa ajili ya mapazia.

"Baba hajui kuomba radhi kwa mdomo," anatania. "Amenitengenezea makabati manne. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili!"

Baba anacheka, ila si sana. Sakafu ya shule bado ipo, na watoto wanairukia kila siku. Mara tatu amekwenda kueleza kosa lake, na mara tatu mkuu yule alimjibu kwamba sakafu haijatikisika hata siku moja.

"Hiyo ndiyo kasoro yenyewe," anasema. "Ningeifanya vibaya ikaonekana, wangeshaing'oa zamani."

Mwaka huu shule imepata mkuu mpya, mwanamke. Badala ya maneno, Kisigino alimleta hapa akamwomba aruke mara kumi, kisha akaruke mara kumi kule kwake. Mkuu huyo alipiga simu siku hiyohiyo, akakubali. Wakati wa likizo fundi atapewa wiki tatu. Shule itanunua vipande vipya vya mpira, na ufundi atautoa bure.

Anataka kila skrubu iwe imetoka kabla shule hazijafunguliwa. "Hapo ndipo nitajiita fundi wa sakafu," anasema. "Na siku ya kuzindua, huyu binti yangu akae mbele kabisa."

Binti anakunja utepe wake wa kupimia.

"Siku ya kuzindua nitakuwa na kazi, baba. Niite siku ya kung'oa. Skrubu ya kwanza naitoa mimi."