Rangi za Sarafu ya Tembo

Sifa ni zako, Mungu Baba, unayetoa na unayetwaa, nawe ni mwema katika yote mawili. Nakushukuru kwa miaka uliyonipa pamoja na mke wangu, kabla sijasimulia jambo dogo lililoniumiza baada ya kumzika.

Tulikuwa na sarafu ya fedha ya wakati wa Wabelgiji, yenye picha ya tembo. Baba aliniachia ikiwa nyeupe. Mke wangu aliifunga katika karatasi ya kaki, akaiweka juu ya kabati la jikoni, hapa kwetu Bulengera. Moshi na karatasi vikafanya kazi yao polepole. Kila Pasaka tuliifungua: ukingoni buluu kama shingo ya njiwa, kisha zambarau, na katikati rangi ya asali.

Mimi, mkusanyaji wa sarafu, nilipima daraja lake, yaani imechakaa kiasi gani. Nilitazama sikio la tembo na paji lake, mahali panapolika kwanza, kisha nikaiinamisha dirishani nione kama mng'ao bado unazunguka chini ya rangi. Rangi ya kweli hufifia taratibu kuingia katika nyingine. Haikatiki ghafula kama iliyopakwa. Mke wangu alipima uzuri, tena bila kioo cha kukuzia.

“Mwaka huu buluu imefika mupaka ku mugongo ya tembo,” alinitania mara moja. “Wewe baki na masikio yake tu.”

Alipofariki, dada yake mkubwa alitoka Beni. Anayeijua barabara ile, ambako waasi huvizia na kuua wasafiri, hahitaji kuelezwa. Walimsihi asubiri, naye akapanda pikipiki. Alipofika hakuketi wala hakulia. Nyumba ya kilio hujaa watu, na wanawake wa ukoo hushika kazi. Yeye alisugua sufuria, sahani, hata msalaba wa ukutani. Akaikuta pia ile karatasi ya kaki.

Alinijia akitabasamu. “Shemeji, hii franga ya mudogo wangu ilikuwa imechafuka sana. Nimeisugua na majivu na ndimu. Angalia vile inangara.”

Ilikuwa nyeupe kama kijiko kipya. Nikamshukuru, nikaitia mfukoni.

Kisha rafiki yangu, mwalimu mstaafu anayekusanya sarafu kama mimi, akaja kunipa pole. Niliitoa, akaiweka chini ya kioo chake. Sikio lilikuwa zima, alisema, na paji pia, lakini mikwaruzo ilikuwa imejaa kila mahali, na mng'ao ulikuwa umekufa. Akauliza ni nani aliyeiosha. Nikamkanyaga mguu, ila shemeji alikuwa amekwisha kufika mlangoni na chai.

“Ni mimi,” alisema. “Niliharibisha?”

Sikutaka kumdanganya, nikamjibu:

“Zile rangi zilitoka katika kutunza kwa mudogo wako, dada. Hazitarudi. Lakini ulipita barabara ile kwa ajili yake, na kwa hiyo nakushukuru.”

Akaiweka chai chini, akakaa juu ya mkeka. Kilio alichokuwa amekizuia kwa kazi kikamtoka chote. Mimi nilikuwa nimewafariji wageni tangu maziko, macho makavu. Nikakaa kando yake, nikalia pia, na rafiki yangu akatufungia mlango.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde njiani, aibariki mikono inayokutunza, na akujalie kuitambua kazi ya mikono hiyo ingali nawe. Amina.