Hakuna ya Kweli

Wakati wa vita, barabara ya Beni ikiwa imekatwa na bunduki, Abigaïl alikuwa akitunza kompyuta ya kanisa mjini Butembo. Ndani mlikuwa na majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Mashine ile haikuwa na picha hata moja: kioo cheusi tu, unaiandikia amri, inakujibu.

Siku hiyo alifika Mama Adèle, ametoka Manguredjipa kwa miguu, anamtafuta Kambale wake. Abigaïl aliandika amri ya kutafuta, akaweka Kambale, akafuatisha Adèle. Mashine ikajibu: hakuna.

Abigaïl akaisoma tena amri aliyoandika. Amwambie nini huyu mama? Na kama kosa ni lake mwenyewe? Akaiomba mashine imwonyeshe amri zake. Ikamtolea majina matupu: tafuta, ongeza, hamisha. Ni kama mtu akupangie vyungu vilivyofunikwa, asikuambie kipi kina mboga ya sombe.

"Ngojea kidogo, mama," akasema, akakimbilia fonii, ile redio ya kuongea na Beni. Huko ndiko alikokwama Timothée, fundi aliyezitunga amri zile, ambaye humwita Abigaïl Ya, yaani dada mkubwa.

"Timo, tafuta inaomba nini?"

"Mais, Ya Abi, si iko wazi! Jina ya mama kwanza, kisha ya mutoto. Kila nyumba ya siye Banande iko na Kambale, ni jina ya mama inawatofautisha."

"Iko wazi kwako, weye uliyeizaa! Mutu akiuliza juu ya amri, imuambie inataka nini, nini kwanza, inarudisha nini, na iko ya kazi gani."

"Nilifikiri liste fupi ndiyo nzuri."

"Fupi iko ya ule anajua. Asiyejua, akiuliza moja, aelezwe yote."

Fonii ikakoroma kidogo. "Pardon, Ya Abi. Nitaitengeneza."

Abigaïl akarudi, akaandika upya, Adèle kwanza. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Sasa itatupatia nini?" Mama Adèle akauliza.

"Nyumba anamolala, mama. Ama hakuna."

"Na ile hakuna, itakuwa ya kweli?"

"Safari hii, ndiyo."

Mama akamshika mkono wa pili. "Basi, finya."

Abigaïl akamsomea kioo polepole: Beni, komini ya Ruwenzori, kwa Mama Hadassa.

Mama Adèle hakulia. Alifunga upya kitenge chake kiunoni, kwa nguvu.

"Ule Mama Hadassa, anapendaka kula nini? Barabara ikifunguka, hapana vizuri nifike kwake mikono mitupu."